Rover na Mabwana Wake

Msomaji mpenzi, rover ni neno la Kiingereza ambalo maana yake ni mtu asiyetulia mahali pamoja, mtembezi wa nchi, mfano wa ndege ahamaye. Waliolichagua kuwa jina la chombo cha kusafiria walichagua vema. Lakini sidhani walijua kwamba jina lenyewe nalo litasafiri: litoke mkononi mwa Mwingereza liingie mkononi mwa Mjerumani, litoke kwa Mjerumani lende kwa Mmarekani, na kutoka kwa Mmarekani lifike kwa Mhindi, na kwamba siku litakapofika huko halitakuwa tena na motokaa ya kulibeba. Nataka tufuatane katika safari hiyo. Ni safari ya miaka mia moja na ishirini hivi, na njiani mna mambo ambayo aghalabu husimuliwa kwa wepesi kuliko yanavyostahili.

Habari yaanzia katika baiskeli. Mjini Coventry, katikati ya Uingereza, aliishi fundi mmoja aitwaye John Kemp Starley. Zamani zile baiskeli ilikuwa na gurudumu la mbele kubwa ajabu na la nyuma dogo, na mpandaji alikaa juu kama mgema aliyeparamia mnazi. Akianguka, alitangulia kichwa. Mwaka 1885 Starley alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyokaribia kulingana, na mnyororo uliozungusha gurudumu la nyuma. Akaiita Rover. Itazame baiskeli yoyote ipitayo mbele ya shule yako leo, iliyofungwa mikebe ya maziwa au kreti za soda: umbo lake ni lile lile. Sifa ya baiskeli hiyo ilienea Ulaya hata watu wa Poland wakalifanya jina lake kuwa neno la lugha yao, na mpaka leo baiskeli kwao huitwa rower. Ni viwanda vichache duniani vilivyopata heshima kama hiyo, ya jina lao kuingia kinywani mwa taifa geni likakaa humo kama mwenyeji.

Starley alifariki mwaka 1901, hakuiona motokaa ya kwanza ya kampuni yake, iliyotoka mwaka 1904. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kupanda na kushuka, nami sitakuchosha kwayo. Mambo yalitengenea katika miaka ya 1930, uongozi ulipokuwa mikononi mwa Spencer Wilks na ndugu yake Maurice. Yule akiangalia mali, huyu akiangalia uhandisi. Ndugu hawa hawakupenda makelele. Hawakushindana na viwanda vikubwa kwa wingi wa magari, bali walitengeneza machache, madhubuti, yasiyo na kishindo, yenye mbao na ngozi ndani, kwa ajili ya daktari, wakili na meneja wa benki. Mtu aliyenunua Rover hakuinunua ili majirani wamtazame. Aliinunua kwa kuwa aliamini kwamba asubuhi itawaka.

Vikaja vita. Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliupiga mji wa Coventry kwa mabomu, na kiwanda cha Rover kikaharibika vibaya. Vita vilipokwisha kampuni ilihamia Solihull, katika kiwanda ambacho serikali ilikijenga kwa kazi za vita. Katika miaka hiyo hiyo wahandisi wa Rover walikuwa wamekabidhiwa kazi ya kutengeneza injini ya ndege isiyotumia rafadha, iliyobuniwa na Frank Whittle. Kazi ile ilihamishiwa Rolls-Royce mwaka 1943, lakini elimu waliyoipata haikupotea: mwaka 1950 walionyesha motokaa iendayo kwa injini ya namna hiyo, ya kwanza duniani, wakaiita JET1. Haikufaa kwa biashara, maana ilikunywa mafuta bila kiasi. Hata hivyo, ni jambo la kufikiri kwamba kampuni ndogo, iliyojulikana kwa magari ya wazee wa heshima, ilikuwa na watu wenye uthubutu wa kujaribu jambo ambalo wakubwa walikuwa hawajalionyesha.

Uthubutu huo ndio uliozaa gari ambalo wewe na mimi tunalijua zaidi. Baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza, na serikali ilikigawa kwanza kwa viwanda vilivyouza bidhaa nchi za nje. Maurice Wilks alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, na shambani alitumia Jeep kuukuu ya jeshi la Marekani. Siku ile Jeep itakapokufa, atanunua nini? Hapakuwa na gari la Kiingereza la kushika mahali pake. Basi walibuni gari la mkulima: bodi ya alumini, kwa kuwa alumini ilikuwa tele na bamba la chuma ni haba, bodi yenyewe imekunjwa kwa mistari iliyonyoka, ili isihitaji mashine za gharama za kufinyanga bati, na rangi ya kijani iliyosalia katika maghala ya jeshi. Aprili 1948 lilionyeshwa Amsterdam kwa jina la Land Rover. Wenyewe walilidhania kuwa kazi ya muda tu, ya kushikia riziki mpaka motokaa zao za kawaida zipate soko. Kumbe lile la muda ndilo lililowalisha, na haikupita miaka mingi likawa linauzwa kuliko motokaa zenyewe.

Hapa habari yetu yagusa udongo wa kwetu. Land Rover iliingia Kenya pamoja na mkuu wa wilaya, askari polisi, bwana shamba na bwana nyama. George Adamson, yule aliyelea simba, alizunguka nayo katika nyika za kaskazini. Aliyeliona vumbi lake kwa mbali alijua kwamba serikali yaja, na kama alikuwa hajalipa kodi aliikumbuka njia ya msituni. Uhuru ulipokuja, gari lilibaki. Dereva alibadilika, vumbi halikubadilika. Katika njia mbaya za milimani huko Maralal, Land Rover kuukuu kuliko madereva wake zimeendelea kubeba abiria, mbuzi na magunia mahali ambapo matatu ya kawaida haithubutu kwenda. Katika shule ya msingi niliyosomea mimi, kengele yetu ilikuwa rimu ya Land Rover iliyotundikwa juu ya mjakaranda, ikigongwa kwa kipande cha nondo. Sauti yake ilifika hata kisimani, na mwanafunzi aliyechelewa hakuwa na udhuru.

Mwaka 1963 Rover ilitoa motokaa mpya kabisa, Rover 2000, iliyokuwa mbele ya wakati wake kwa usalama na utulivu barabarani. Ikawa ya kwanza kupewa tuzo ya Motokaa ya Mwaka ya Ulaya, mwaka 1964. Ile kubwa, ya lita tatu na nusu, iliwabeba mawaziri wakuu wa Uingereza mmoja baada ya mwingine. Margaret Thatcher alifika Downing Street katika moja ya hizo, Mei 1979. Lakini jambo hili lina siri ndani yake: utengenezaji wa motokaa hiyo ulikuwa umekoma tangu mwaka 1973. Serikali iliziweka akiba, kwa kuwa Rover haikuwa imetengeneza nyingine iliyofaa kuchukua nafasi yake. Waziri mkuu wa taifa lenye viwanda alipanda gari la akiba.

Sasa, msomaji, iangalie miaka kwa makini. Mwaka 1967 Rover ilinunuliwa na Leyland, kampuni ya Kiingereza ya malori na mabasi. Mwaka 1968 Leyland iliunganishwa na karibu viwanda vyote vikubwa vya motokaa vilivyobaki mikononi mwa Waingereza, vikafanywa shirika moja lililoitwa British Leyland. Austin, Morris, MG, Jaguar, Triumph na Rover wakawa watu wa boma moja. Nia ilikuwa njema: umoja ni nguvu. Lakini umoja wa watu wanaogombea chungu kimoja si nguvu, ni kelele. Rover 2000 ilishindana sokoni na Triumph 2000, na sasa zote mbili zilikuwa za bwana mmoja. Bwana huyo alitumia fedha zake kuzipiganisha mali zake. Migomo ilizidi. Mitambo ilichakaa. Faida iliyopatikana kwa Land Rover ilitumika kuziba matundu ya wengine. Kufikia mwaka 1975 shirika lilikuwa mbioni kufilisika, na serikali ikalazimika kulichukua.

Mwaka 1976 ilitoka Rover nyingine iliyosifiwa kwa uzuri wa umbo, nayo ikapata tuzo ile ile ya Ulaya kwa mwaka 1977. Ukiitazama katika picha hata leo utaipenda. Lakini iliundwa vibaya. Rangi ilibambuka, milango haikukaa sawa, umeme ulikatika, kutu iliingia mapema. Kampuni ambayo sifa yake yote ilikuwa uimara, ilimuuzia daktari na wakili wake wa zamani gari lililowaaibisha mbele ya majirani. Wanunuzi wa namna hiyo hawagombi wala hawaandiki barua za hasira. Huenda duka la pili, kwa Mjerumani, wala hawarudi.

Sisemi kwamba kosa lilikuwa la wafanyakazi peke yao, kama magazeti mengi ya Uingereza yalivyopenda kusema. Fundi hawezi kupaka rangi vizuri katika karakana isiyofaa, na aliyeijenga karakana hiyo hakuwa fundi. Ninalosema ni kwamba hapo palikuwa hapana mgeni. Mwenye mali, msimamizi na fundi wote walikuwa wa nyumba moja.

Niruhusu niseme kwa nini jambo hili lanigusa. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda kimoja cha nguo, ambacho sitakitaja jina. Kiwanda kiliuzwa kwa watu waliotoka nje, na baada ya miaka miwili kikafungwa. Nilikuwa darasa la tatu. Jioni baba alikaa barazani na rafiki yake aliyekuwa karani wa stoo, na kila jioni waliteta jambo moja. Baba alisema, "Wageni wametumaliza." Karani alijibu kwa upole, "Ndugu yangu, vitabu vya stoo niliviandika mimi. Vipuri havikununuliwa miaka saba kabla ya mgeni kutua. Majora ya kitambaa yalipita juu ya ua usiku, na hayakupita kwa miguu yao." Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema tena lile lile la kwanza. Hawakupatana mpaka karani alipohamia kwao mashambani. Mimi nilibaki na maneno ya wote wawili, nisijue nimwamini nani, kwa kuwa wote wawili niliwapenda. Baba hakupata tena kazi ya mitambo. Mikono yake iliyojua kuzisikiliza mashine ilizoea jembe. Kwa hiyo nilipoisoma habari ya Rover mara ya kwanza, katika maktaba ya chuo nilikosomea ualimu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuchukua kalamu na kuhesabu miaka: kabla ya mgeni, na baada ya mgeni.

Mgeni wa kwanza alikuwa Honda, kutoka Japani. Mkataba ulitiwa sahihi mwaka 1979, na motokaa ya kwanza ya ushirika huo, iliyobandikwa jina la Triumph ingawa asili yake ni Honda, ilitoka mwaka 1981. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alikuja na jembe lake mkononi. Wajapani waliwaonyesha Waingereza namna ya kupanga kazi na kukagua kila hatua, badala ya kungoja gari liishe ndipo watafute kasoro. Katika miaka ya mwisho ya 1980 motokaa zenye jina la Rover, zilizojengwa juu ya michoro ya Honda, zilianza kusifiwa tena. Wengine walinung'unika kwamba hizo si Rover bali ni Honda zilizovishwa joho. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini joho hilo lilikuwa limeshonwa vizuri, na asubuhi ziliwaka.

Palikuwa na kosa lingine la miaka hiyo, dogo machoni, zito katika matokeo. Shirika zima lilipewa jina la Rover mwaka 1986, na majina ya zamani yakaanza kufutwa moja moja. Hata kigari kidogo kilichokuwa kikiitwa Austin Metro kikageuzwa kuwa Rover mwaka 1990. Jina lililokuwa la motokaa chache za kifahari lilibandikwa juu ya kila kitu kilichotoka kiwandani. Jina jema ni kama chumvi: ukiitia katika kisima chote, kisima hakikolei, na chumvi imekwisha.

Mwaka 1988 serikali iliiuza Rover kwa British Aerospace, kampuni ya ndege ya Kiingereza, kwa pauni milioni 150, kwa sharti kwamba isiiuze kabla ya miaka mitano. Miaka mitano ilipita. Januari 1994 British Aerospace iliiuza sehemu yake, asilimia 80, kwa BMW ya Ujerumani, kwa pauni milioni 800. Honda, waliokuwa na asilimia 20 na waliofanya kazi bega kwa bega na Rover kwa miaka kumi na mitano, waliumia sana, nao wakajitoa. Tafakari jambo hilo. Mgeni aliyefundisha aliachwa, kwa kuwa mgeni mwenye mfuko mzito alibisha hodi. Na aliyemfungulia mlango alikuwa mwenye nyumba.

Kuna kichekesho cha historia hapa. Motokaa ya kwanza iliyouzwa kwa jina la BMW, mwishoni mwa miaka ya 1920, ilikuwa Austin Seven, gari dogo la Kiingereza la kiwanda cha Longbridge, Birmingham, lililotengenezwa Ujerumani kwa kibali. Sasa mwanafunzi alirudi na fedha akamnunua mwalimu, maana kiwanda cha Longbridge kilikuwa sehemu ya mali ya Rover.

Mkuu wa BMW, Bernd Pischetsrieder, aliyapenda magari ya Kiingereza kwa moyo, na nadhani tatizo lilianzia katika mapenzi hayo. Katika miaka ya kwanza aliwaacha wasimamizi wa Kiingereza waendelee kama walivyozoea. Fedha nyingi zilimwagwa, lakini Longbridge ilikuwa kuukuu, na thamani ya pauni ikapanda hata magari ya Uingereza yakawa ghali katika nchi za nje. Magazeti ya Ujerumani yaliipa Rover jina la dhihaka: mgonjwa wa Kiingereza.

Oktoba 1998, katika maonyesho ya motokaa ya Birmingham, ilizinduliwa Rover 75. Hiyo ndiyo iliyotengenezwa kwa uangalifu kuliko Rover zote za miaka mingi. Ilikuwa na utulivu na haya ya zile za ndugu Wilks, na ilifanywa kwa fedha na ukaguzi wa Kijerumani. Siku hiyo hiyo ya furaha Pischetsrieder aliwaita waandishi wa habari, akawaeleza kwamba hali ya Longbridge ni mbaya na kwamba serikali na wafanyakazi lazima wafanye jambo. Kesho yake nani alizungumza juu ya gari jipya? Ni kama baba anayesimama katika harusi ya bintiye kutangaza madeni ya ukoo. Februari 1999 yeye mwenyewe aliondoka BMW.

Machi 2000 BMW ilitangaza kwamba inaigawa Rover vipande. Land Rover iliuzwa kwa Ford ya Marekani. Mini, pamoja na kiwanda cha Oxford, ilibaki kwa Wajerumani. Longbridge na motokaa za Rover, hakuna aliyezitaka kwa bei ya maana. Watu wa Birmingham walijaa barabarani kwa maelfu kulilia kiwanda chao. Mwezi Mei kilikabidhiwa kwa kundi la Waingereza lililojiita Phoenix, likiongozwa na John Towers, aliyepata kuwa mkuu wa Rover. Bei yake ilikuwa pauni 10. Sikukosea kuandika: pauni kumi, nauli ya teksi. Juu yake BMW iliwapa mkopo usio na riba wa mamia ya mamilioni ya pauni, ili mradi waondokewe na mzigo. Phoenix ni ndege wa hadithi za kale, aungue akafufuka katika majivu, na wafanyakazi waliwapokea watu hao kwa vifijo langoni. Rover ilikuwa imerudi nyumbani.

Msomaji, hiyo miaka mitano ya nyumbani ndiyo iliyoimaliza. Fedha za kubuni motokaa mpya hazikutosha, na zilizokuwapo zilizeeka sokoni. Mwaka 2003 waliagiza gari dogo lililotengenezwa India na kampuni ya Tata, wakalibandika jina la CityRover na bei iliyozidi thamani yake, wanunuzi hawakudanganyika. Aprili 2005, baada ya mazungumzo na kampuni ya SAIC ya Shanghai kuvunjika, mitambo ya Longbridge ilizimwa. Watu wapatao 6,000 walipoteza kazi, bila kuhesabu wale wa viwanda vidogo vilivyowauzia vipuri. Mwaka 2009 ilitolewa ripoti ya wakaguzi wa serikali, iliyoeleza kwamba wakuu watano wa kampuni, akiwamo Towers, walijipatia kiasi cha pauni milioni 42 katika mishahara na malipo ya uzeeni, katika miaka ile ile ambayo kampuni ilikuwa ikizama.

Nilipofika hapo nilimkumbuka karani wa stoo.

Lakini nisimkane baba yangu upesi. Mgeni naye ana hesabu ya kutoa. BMW iliwachagua ndama wawili walionona, mmoja ikamuuza, mmoja ikamfuga, na waliokonda ikawaachia wenyewe watafute malisho. Tena jina la Rover haikulitoa. Iliwakopesha tu Phoenix walitumie. Mtu aliyeuziwa nyumba kwa pauni kumi, lakini kibao cha mlangoni kikabaki mali ya muuzaji, hakuuziwa nyumba kamili. Hata hivyo, neno la kwamba ugeni wenyewe ni sumu halisimami. Mini imeendelea kutengenezwa Oxford chini ya Wajerumani tangu mwaka 2001, nayo imestawi. Land Rover, iliyotoka kwa Ford ikaenda kwa Tata ya India mwaka 2008, ilipata faida ambayo hapo nyuma haikuiota. Waliozikaza nati ni Waingereza wale wale, wengine ni watoto wa waliogoma mwaka 1975. Mimi naona hivi: Rover iliugulia nyumbani, mgeni wa kwanza alimtibu nusu akaambiwa inatosha, wa pili alimlipia dawa kisha akauza kitanda, na chakula cha matanga kililiwa na wenyeji. Wewe waweza kuona vingine, na miaka nimekuandikia ili uihesabu mwenyewe.

Yabaki kueleza mwisho wa jina. Mitambo ya Longbridge na jina la MG vilinunuliwa mwaka 2005 na kampuni ya Nanjing, ambayo baadaye iliingia ndani ya SAIC. Motokaa za MG ziliunganishwa tena Longbridge kwa miaka michache, mpaka mwaka 2016. Baada ya hapo zilitoka China tayari, na Waingereza walizinunua kwa furaha, zaidi ya 80,000 katika mwaka 2023 peke yake. Sehemu kubwa ya uwanja wa kiwanda imejengwa nyumba, maduka na chuo. SAIC, iliyokuwa imenunua michoro ya Rover 75, ilitaka kuitengeneza Shanghai kwa jina lake la asili, lakini jina halikupatikana: mwaka 2006 Ford ilitumia haki yake ya kulinunua kutoka BMW, si kwa kulitumia, bali ili mwingine asilitumie karibu na Land Rover yake. Wachina wakabuni jina la kufanana nalo, Roewe, wakaendelea na kazi. Ford ilipoiuza Land Rover mwaka 2008, jina la Rover lilifuatana nayo kama kitoto mgongoni, likafika kwa Tata, wale wale waliotengeneza CityRover. Tata haijaliweka peke yake juu ya motokaa yoyote.

Aprili 2023 wenye kampuni walitangaza kwamba tangu sasa watayatanguliza majina ya Range Rover, Defender na Discovery, kila moja likisimama kama nyumba ya peke yake, na Land Rover ikae nyuma. Ukiwa Nairobi, foleni ikisimama, litazame Range Rover lolote lililo karibu nawe. Herufi zimepangwa juu ya ukingo wa boneti, kubwa na zenye nafasi. Tano za kwanza ziliongezwa mwaka 1970. Tano za mwisho ni zile za baiskeli ya Starley.